Mita 285 Ndani ya Menyu

Mwaka 1931 Martin Hotine, afisa wa jeshi la Uingereza na mpima ardhi hodari, alianza kazi Tanganyika ya kuendeleza mlolongo wa pembetatu uliotoka Afrika Kusini kuelekea Misri. Wazo lilikuwa la David Gill, mkuu wa kituo cha kuangalia nyota huko Cape, aliyelitoa mwaka 1879: upimwe mstari mmoja mrefu unaofuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki, kutoka kusini mwa bara hadi kaskazini. Kwetu mstari huo unapita Kigoma. Hotine na vikosi vyake walikwea vilele, wakasimamisha bikoni, wakapima pembe kati ya kilima na kilima. Kipande cha mwisho, huko Sudan, kilikuja kukamilishwa mwaka 1954 na wapima ramani wa jeshi la Marekani. Hesabu za Afrika Mashariki zikafanywa upya, na zilipotoka mwaka 1960 mfumo huo wa kutaja mahali ukapewa jina la Arc 1960.

Wapima ardhi huuita msingi wa namna hii datamu. Namba za latitudo na longitudo, ambazo wachimbaji wetu huziita kodineti, hazimfikishi mtu popote mpaka ijulikane zimehesabiwa kuanzia wapi, na kwa kudhani dunia ina umbo gani. Arc 1960 iliichukua dunia kwa umbo alilolikadiria Mwingereza Alexander Clarke mwaka 1880. Kwa kalamu, theodolaiti ya kupimia pembe na majedwali, hayo yalitosha kabisa.

Nimeanza huko nyuma kwa makusudi. Watengenezaji wa programu za kompyuta wamebishana kwa zaidi ya miaka 40 juu ya jambo moja: mtumiaji aachiwe kila swichi aipange programu atakavyo, au aonyeshwe vitufe vichache na mengine yote yaamuliwe kwa niaba yake? Katika miji mingi ubishi huo unaishia kwenye rangi za dirisha na mahali pa kuweka menyu. Katika ukanda wa dhahabu, kutoka Geita na Mbogwe hadi Kahama na Shinyanga, unagusa ardhi yenyewe. Unaamua duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, ni la nani.

Miaka ileile ya 1930 ambayo Hotine alikuwa akipanda vilele, dhahabu ya Geita, ambayo Wajerumani walishaigundua kabla ya mwaka 1900, ilianza kuchimbwa kwa kiwango kikubwa. Mgodi huo wa kwanza ulifanya kazi hadi mwaka 1966. Upande wa Shinyanga, mwaka 1940, Mkanada John Williamson aligundua mwamba wa almasi wa Mwadui. Migodi yote miwili iliendeshwa kwa karatasi. Ramani ilikuwa kitu kinachokunjwa, chenye mistari ya wino, na aliyeichora aliandika pembeni mambo yote ya kumwezesha mwingine kuisoma: kipimo, mwaka, umbo la dunia lililotumika. Aliyeshika ramani ile alishika na maelezo yake.

Hata hivyo karatasi ilikuwa na ubaya wake. Kwenye ramani ya 1 kwa 50,000, milimita moja ni mita 50 za ardhini. Ukichora mpaka kwa penseli butu, mstari wenyewe unakula mita 25. Eneo la hekta 10, ambalo ndilo kubwa kuliko yote anayoweza kupewa mchimbaji mdogo wa dhahabu kwa leseni moja, linakuwa kijimraba cha milimita 6 na kidogo. Maafisa waliokuwa wakichora vijimraba hivyo kwa mkono, wakivipanga visipandane, walifanya kazi ngumu kuliko tunavyokumbuka kuwashukuru.

Kompyuta ilichelewa kuwafikia, na sababu mojawapo ilikuwa sera. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye, lakini vizazi kadhaa vya maafisa walikuwa wamejifunza kazi bila mashine hizo. Wakati huohuo uchimbaji mdogo ulikuwa ukikua. Sheria ya Madini ya mwaka 1979 iliacha mlango wa wananchi kupata maeneo yao, na mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, watu walimiminika Nyarugusu, Mgusu, Lwamgasa na vilima vingine vingi. Bikoni za miti na mawe zikawa nyingi kuliko wapimaji.

Halafu ikaja Sheria ya Madini ya mwaka 1998, na nyuma yake makampuni makubwa. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2001, na Buzwagi karibu na mji wa Kahama ukafuata mwaka 2009. Pamoja na magari yenye matairi marefu kuliko mtu, zililetwa kompyuta za mezani zenye programu ambazo hazikuwa na mfano wake katika ofisi yoyote ya jirani.

Programu za ukoo huu zilizaliwa karibu wakati mmoja. Surpac ilianzia Perth, Australia, mwaka 1981. Datamine ilianzia Uingereza mwaka huohuo, na Maptek, waliotengeneza Vulcan, nao walianza Australia mwaka 1981. Kazi yake ni moja. Kila tundu la utafiti linalochorongwa ardhini linaandikwa: lilipoanzia, limeinamia upande gani, limezama mita ngapi, na kila kipande cha mwamba kilichotolewa kina gramu ngapi za dhahabu kwa tani. Programu inakusanya matundu hayo maelfu, inaukata mlima kuwa matofali ya kubuni, kisha inakadiria kila tofali lina dhahabu kiasi gani. Mhandisi akigeuza kipanya, mlima unazunguka kwenye kioo na utajiri wake ukiwa umepakwa rangi.

Mgeni akifungua programu kama hiyo hukata tamaa. Menyu inazaa menyu, kila kitu kina mipangilio yake, na kosa dogo katika mpangilio mmoja linaweza kuhamisha hesabu ya mgodi mzima. Lakini humohumo ndimo nguvu yake ilipo. Surpac inamruhusu mtumiaji kurekodi hatua zake zikawa makro, kisha kuzihariri kwa lugha ya programu iitwayo Tcl. Kazi ya kuchora mpaka wa mlipuko, iliyokuwa ikila asubuhi nzima, inageuka kitufe kimoja. Mgodi unaweza pia kuweka gridi yake wenyewe, iliyozungushwa ifuate mwelekeo wa mwamba wa dhahabu badala ya kaskazini ya dunia, na programu ikafanya hesabu ya kwenda na kurudi kati ya gridi ile na kodineti za taifa.

Nadhani hapa ndipo wabishani wengi wanapopotea. Katika mgodi mkubwa, mpima ardhi mmoja mwenye ujuzi anakaa na mipangilio yote, anaweka datamu, anaweka gridi, anaandika makro, anahifadhi. Kesho yake vijana ishirini wanafungua programu ileile na kuikuta nyepesi. Hawajui kuna menyu ya datamu, wala hawana haja ya kujua, kwa kuwa mwenzao ameshaipanga kwa ajili ya mlima wao hasa. Kwao wepesi umezaliwa na mipangilio. Kila kiolesura chepesi duniani kina mtu aliyekaa nyuma yake akaamua. Swali la kuuliza ni kama aliyeamua alikuwa anakijua kilima chako.

Duniani, miaka hiyohiyo, ubishi ulikuwa umepamba moto. Upande mmoja walikuwa warithi wa Emacs, programu ya kuandikia iliyoanza mwaka 1976 mikononi mwa Richard Stallman na wenzake, ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha karibu yote ikiwa wazi mbele yake. Upande wa pili walikuwa warithi wa Macintosh ya mwaka 1984. Mwaka 2002 mazingira ya kompyuta yaitwayo GNOME, toleo la pili, yalipunguza mipangilio mingi kwa hoja ambayo mmoja wa watengenezaji wake, Havoc Pennington, aliieleza vizuri: kila chaguo unalomwekea mtumiaji lina gharama, kwa sababu linahitaji kujaribiwa, linaongeza makosa, na linamchanganya asiyelihitaji. Mwaka 2005 Linus Torvalds, baba wa Linux, aliwajibu kwa ukali kwamba wanawafanya watumiaji kuwa wajinga, akawashauri watu watumie KDE, mpinzani wake mwenye swichi nyingi. Miaka miwili baadaye Microsoft Office ya 2007 iliziondoa menyu zilizozoeleka, na ofisi nzima zikajifunza upya mahali pa kila kitu.

Tanzania nayo ilitoa mchango wake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao wa Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Naiheshimu sana kazi ile. Ilionyesha kwamba urahisi unaweza kuja kwa kumweleza mtu kila kitu kwa lugha yake, bila kumfichia chochote. Ni njia ya tatu ambayo mabingwa wa ubishi ule hawakulazimika kuifikiria, kwa kuwa programu zao zilikuwa zinasema lugha wanayoijua.

Lakini wote hao, wa swichi na wa vitufe, walikuwa na mtu mmoja akilini: aliyekaa mbele ya kompyuta yake mwenyewe. Mchimbaji wa Nyarugusu hakuwa nayo. Alichokuwa nacho, au alichokodi, ni kifaa cha GPS cha mkononi.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, Rais Clinton wa Marekani aliamuru lizimwe vurugu lililokuwa likiwekwa kwa makusudi katika mawimbi ya GPS ya raia. Kabla ya usiku huo kifaa cha kawaida kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Baada yake, kosa likashuka hadi mita 20 na chini ya hapo. Mwaka uleule Garmin walitoa eTrex, kifaa kidogo cha kushika kiganjani. Kwa ukanda wa dhahabu haya yalikuwa mapinduzi: mtu asiye na theodolaiti wala shahada aliweza kusimama kwenye bikoni yake na kusoma mahali alipo.

Kasoro ilikuwa kwenye datamu. GPS huhesabu kwa mfumo wa WGS84, wa mwaka 1984, unaopima kutoka katikati ya dunia. Leseni za madini za Tanzania ziliandikwa, na zinaendelea kuandikwa, kwa Arc 1960. Mifumo hii miwili huzitaja namba tofauti kwa jiwe lilelile. Ukitumia vigezo vya kubadilishia vilivyochapishwa kwa ajili ya Tanzania na kuvipigia hesabu mahali palipo mji wa Geita, tofauti ni kama mita 275 kwa kaskazini na kusini, na kama mita 75 kwa mashariki na magharibi. Kwa mstari ulionyooka ni karibu mita 285.

Hebu tulitafakari hilo kwa utulivu, maana ni zito. Ploti ya hekta 10 yenye umbo la mraba, iliyonyooka kaskazini na kusini, ina upande wa mita 316. Mchimbaji anachukua karatasi ya leseni yake, anaingiza kodineti za pembe nne kwenye kifaa kilichoachwa kama kilivyotoka kiwandani, anatembea mpaka mshale unamwambia amefika, anasimika bikoni. Ameangukia kaskazini ya eneo lake kwa mita 275 na magharibi kwa mita 75. Katika hekta zake 10, anayoikanyaga kihalali ni kama moja. Tisa zilizobaki ni za jirani, au ni pori, au zimo ndani ya leseni ya kampuni. Hakudanganya mtu. Hakukosea kusoma namba hata moja. Kifaa nacho hakikuharibika. Kilikosekana kitu kimoja, mpangilio uliokuwa umezama ndani ya menyu.

Na mpangilio ule ulikuwepo. Garmin za zama hizo ni mfano mzuri wa programu iliyomwachia mtu kila swichi: ndani ya mipangilio kulikuwa na orodha ya datamu zaidi ya mia moja. Ukiishuka orodha kwa vidole, Arc 1960 unaikuta karibu na mwanzo, kwa mpangilio wa alfabeti, na jirani yake wa juu ni Arc 1950. Hiyo ni datamu ya Zambia, Malawi, Zimbabwe na nchi nyingine za kusini. Anayebonyeza mstari mmoja juu anatoka na kosa la mita 70 na zaidi, kosa baya kuliko lile kubwa kwa namna yake, maana la mita 285 huenda likashtukiwa, lakini mita 70 zinapita kimya na kumweka mtu juu ya mwamba wa mwenzake. Orodha haikusema Arc 1960 ni ya nani. Haikuandika neno Tanzania. Ilikuwa milango zaidi ya mia isiyo na vibao, na mwenye haki ya kuingia hakuambiwa upi ni wake.

Kwa hiyo wakazaliwa mafundi. Kila eneo la machimbo lilikuwa na mtu anayeijua GPS, mara nyingi kijana aliyewahi kubeba vifaa vya timu ya utafiti ya kampuni fulani, akawaona wanajiolojia wakipanga vifaa vyao asubuhi. Alijua kwamba kuna kitu cha kubadilisha kabla ya kuanza. Pengine hakujua kwa nini. Wenye maeneo walimlipa kwa siku, au kwa mifuko ya mawe, au kwa ahadi. Mtu huyu hatajwi popote katika historia ya madini ya nchi hii, na mimi naona ni mmoja wa watu muhimu sana katika historia hiyo. Aliyepata fundi mwaminifu alipata ploti yake. Aliyepata fundi wa kubahatisha, au aliyepata fundi ambaye jirani alishamlipa zaidi, alipata kesi.

Aprili 2008 M-Pesa ilizinduliwa Tanzania, na ikabidi tujifunze somo la aina nyingine. Hapo kiolesura chepesi kilishinda bila ubishi: unapiga namba fupi, unachagua moja, mbili, tatu, unaweka namba ya siri. Hakuna cha kupanga. Simu ya bei ndogo kabisa inafanya sawa na ya bei kubwa, na mchimbaji anamtumia mkewe fedha Kishapu bila kupanda basi. Wengi walihitimisha kwamba ndivyo kila kitu kinavyopaswa kuwa. Lakini fedha ni kitu rahisi kukirahisisha, kwa kuwa shilingi elfu kumi ni elfu kumi Geita na elfu kumi Kahama, hata ihesabiwe na nani. Mahali hapahesabiki hivyo. Hakuna namba ya mahali isiyo na datamu, kama vile hakuna muda wa saa usiokuwa wa mji fulani.

Simu janja zilikuja zikiwa zimeshafanya uamuzi. Google Earth ilikuwa imetoka mwaka 2005 kwa kompyuta za mezani, ikitumia WGS84 tu, na ramani za simuni zilifuata njia hiyo. Menyu ya datamu ilitoweka. Kwa dereva wa bodaboda Dar es Salaam au mtalii Zanzibar, uamuzi huo ni mwema kabisa. Kwa mwenye karatasi ya leseni mkononi, simu imekuwa nyepesi kwa gharama yake: kile kifaa cha zamani kilimpa nafasi ya kukosea na nafasi ya kusahihisha, hiki kipya kinamfanya akosee kwa uhakika na kwa picha nzuri ya satelaiti. Anaona paa la karasha lake la kusagia mawe, anaona kifusi chake cha marudio, anaona kidoti cha buluu. Inakuwa vigumu mno kumwambia mtu kwamba picha hiyo na karatasi yake vinazungumzia mifumo miwili.

Mwezi Machi 2012 ulianzishwa Mkoa wa Geita, ukachukua Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga. Bulyanhulu na Buzwagi vikabaki Shinyanga. Ofisi zikagawanyika, mafaili yakasafiri. Halafu mwaka 2015 Wizara ya Nishati na Madini ikafungua mfumo wa kuomba leseni kwa mtandao, na ramani ya wazi ya leseni zote za nchi. Hatua hii naisifu bila kigugumizi. Zamani kujua kama eneo lina mwenyewe kulihitaji safari, kusubiri, na kumjua mtu. Sasa mtu wa Mwakitolyo aliweza kuona kwenye kioo kijimraba cha kila mwenye leseni, na afisa hakuweza tena kusema faili limepotea.

Lakini tazama nani hasa aliyekaa mbele ya kioo hicho. Wachimbaji wengi hawakuwa na kompyuta wala mazoea ya fomu za mtandao. Walikwenda steshenari, Katoro, Geita mjini, Kahama, palepale wanapotoa kopi za vyeti na kupiga picha za paspoti. Kijana wa steshenari anajua kujaza fomu. Anajaza maombi ya mkopo wa chuo, anajaza namba ya mlipakodi, anajaza leseni ya madini. Fomu ya kodineti aliiona kuwa visanduku vya kujazwa digrii, dakika na sekunde, akauliza namba, akapewa zilizosomwa kwenye simu ya mwenye eneo, akazichapa. Fomu ikakubali, kwa kuwa namba za WGS84 na za Arc 1960 zinafanana sura. Hazina rangi, hazina harufu, hazina alama ya kabila lake. Mfumo uliojengwa ili mchimbaji asimhitaji fundi ulimpa fundi mwingine, asiyewahi kukanyaga duara wala kuisikia datamu.

Wakati huohuo, kwenye kompyuta za mezani, ilikuwa imekua programu ambayo ingeweza kulimaliza tatizo bila senti moja. QGIS ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, Mmarekani wa Alaska, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2009. Haina malipo. Kila tabaka la ramani unaloliingiza linabeba jina la datamu yake, na pembeni chini ya dirisha kuna kitufe kinachoonyesha muda wote mfumo uliomo: kwa Geita na Shinyanga, andika 21036 na utapata Arc 1960 kwa kanda ya 36 kusini. Kanda hiyo inaanzia longitudo ya nyuzi 30, mstari uleule wa Gill na Hotine, ikaishia nyuzi 36, kwa hiyo ukanda wetu wote wa dhahabu umo ndani yake. Programu hiyo inayageuza matabaka ya mifumo tofauti yakalaliana sawasawa kwenye kioo. Mwaka 2015 wanafunzi waliochora mitaa ya Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria waliitumia kwa kuchora mikondo ya mafuriko, na wahitimu wa vyuo vyetu vya madini na ardhi wanatoka wakiijua.

Kinachonivutia zaidi katika QGIS ni kitu ambacho wachache wanakigusa. Ndani ya mipangilio yake mna sehemu ya kupunguza kiolesura chenyewe: unaweza kuondoa vitufe, menyu na paneli zote usizozihitaji, ukabakisha vichache, kisha ukahifadhi. Mpimaji mmoja wa Geita anaweza kuitengeneza ikawa na vitufe vinne: weka kodineti, chagua zimetoka kwenye simu au kwenye leseni, onyesha ploti, chapisha karatasi. Anaweza kuongeza programu-jalizi ndogo ya Python inayosema kwa Kiswahili: namba hizi ni za simu, nazigeuza ziwe za leseni. Ndiyo kazi ileile aliyoifanya mpima ardhi wa mgodi mkubwa kwa vijana wake ishirini, isipokuwa safari hii ingefanywa kwa ajili ya watu wa maduara. Hakuna kikwazo cha kiufundi. Inahitaji mtu, mezani, katika ofisi ambayo mlango wake uko wazi kwa mwenye vumbi miguuni.

Hili linaniuma, kwa kuwa nchi imefanya makubwa zaidi ya hayo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yaliunda Tume ya Madini. Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu Geita, na masoko mengine yakafuata, mchimbaji akapata mahali pa kupimiwa mzigo wake kwa mizani inayoonekana na bei iliyobandikwa ukutani. Tuliweza kuifanya gramu kuwa wazi. Mita bado tumeziacha ndani ya menyu.

Kitaifa, wapima ardhi wetu wameshachukua hatua: mwaka 2011 Tanzania ilipata mfumo mpya wa rejea, TAREF11, unaokaribiana na WGS84 kiasi kwamba kwa mtu mwenye simu mkononi tofauti haionekani. Siku leseni za madini zitakapohamia huko, simu na karatasi vitasema lugha moja. Lakini leseni za zamani hazitahama zenyewe. Zimo kwenye makabati, kwenye mikataba ya ubia, kwenye hukumu za mabaraza, kwenye mifuko ya nailoni chini ya magodoro, na kodineti zake ni za Arc 1960 hata kama hakuna aliyeliandika neno hilo kwenye ukurasa. Kipindi cha kuhama ndicho cha hatari kuliko vyote, kwa sababu namba za aina mbili zitakuwa zinazunguka kwa pamoja katika machimbo yaleyale.

Kwa hiyo, fomu yoyote itakayotengenezwa, iwe ya mtandao, ya simu au ya mezani, iwe nyepesi kadiri ipendavyo, lakini iulize swali moja kwa Kiswahili: namba hizi umezisoma kwenye simu au umezinakili kwenye leseni? Iulize kabla ya kupokea, na iandike jibu kwenye karatasi inayotoka. Mwenye ujuzi aruhusiwe kufungua na kuona vigezo vilivyotumika. Na mpaka fomu hiyo ipatikane, wenye maeneo, viongozi wa wachimbaji na wajumbe wa mabaraza wanaosikiliza kesi za mipaka Geita na Shinyanga wanaweza kulitambua tatizo kwa kalamu tu. Weka karatasi mbili za eneo moja ubavuni kwa ubavu. Ikiwa latitudo ya kusini ya karatasi ya pili imezidi ya kwanza kwa karibu sekunde 9, na longitudo imezidi kwa karibu sekunde 2 na nusu, na tofauti hiyo ni ileile kwenye pembe zote nne, basi bikoni hazijahamishwa na mtu. Karatasi ya kwanza ni ya Arc 1960, ya pili imetoka kwenye simu, na ploti ni moja.